Jinsi ya Kuchaji Bure Turiani na Bado Ukasalimiwa Kesho

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya raia mwema wa Turiani ambaye simu yake imebaki asilimia nne, mfukoni hana hata mia tano, na jicho lake limeshaliona tundu la umeme kwenye ukuta wa mtu mwingine. Utamfaa pia mkazi wa Madizini, Mhonda, Hembeti au Mkindo, na yeyote aliyeteremka kutoka Maskati na mfuko wa simu za majirani kwa sababu mti umeangukia waya huko juu. Wenye pawabenki wanaweza kuishia hapa. Hawana shida, na mtu asiye na shida hafundishiki.

Kwanza tuondoe unyonge. Kuna watu wanaodhani kugombea tundu la umeme ni ushamba wa mikoani. Waulize Wazungu. Nissan ilipoanza kuuza Leaf, gari lake la umeme, Desemba 2010, haikuchukua muda maduka makubwa na manispaa za Ulaya na Marekani zikaanza kuweka chaja za bure kwenye maegesho ili kuvuta wateja na kuonekana zinajali mazingira. Watu wenye mishahara, bima na bustani mbele ya nyumba wakawa wanatoka kwao, kwenye umeme wao, kwenda kupanga foleni ya umeme wa bure dukani. Gari likishajaa, mwenyewe bado yuko ndani anachagua jibini. Mwingine anaegesha gari la petroli mbele ya chaja kwa kuwa hapo ndipo penye kivuli. Wa tatu anachomoa waya wa mwenzake, anajichomekea, anaondoka akipiga mluzi. Ikawa kazi ya kubandikiana vikaratasi kwenye vioo, vyenye matusi ya kistaarabu. Mwisho wenye mali walichoka. Uingereza, maduka ya Tesco yaliyokuwa yakitoa chaji ya bure yalianza kutoza Novemba 2022.

Turiani hatuna chaja ya bure ya magari. Ila kila tabia iliyotajwa hapo juu tunayo, imekomaa, na tumekuwa nayo tangu enzi za kitochi na chaja ya kobe. Siku mwekezaji atakapoamua kusimika chaja ya magari pale stendi, asihangaike kuleta wakufunzi kutoka Norway. Wakufunzi ni sisi. Tunachongoja ni magari tu.

Hatua ya kwanza: Chagua ukuta

Usikimbilie tundu la kwanza unaloliona. Kila mwenye umeme ana udhaifu wake, na kazi yako ni kuujua kabla hujaingia.

*Kinyozi.* Huyu ni wa wanaoanza. Anahitaji watu wakae kwenye benchi lake ili saluni ionekane ina wateja, kwa hiyo hawezi kukufukuza bila kujiharibia sura ya biashara. Ingia, kaa, shika ndevu zako polepole ukiwaza kama unyoe leo au usubiri Jumamosi. Kama huna ndevu, shika zinazotarajiwa. Hatari ya kinyozi ni moja: tundu zuri kuliko yote ndilo lenye mashine ya kunyolea. Ukichomoa isiyo yenyewe, kuna kijana atatoka pale amenyolewa nusu kichwa, na hatakusahau mpaka ile nusu iliyonyolewa iote.

*Mangi wa duka.* Mangi hatoi bure, lakini anaheshimu mteja. Nunua pipi ya shilingi hamsini, kisha omba chaji ya saa tatu. Usiimalize pipi haraka. Kadiri inavyobaki shavuni, ndivyo unavyoendelea kuwa mteja.

*Banda la mpira.* Mwenye banda anafurahi ukija mapema, kabla ya mechi, maana unamsaidia kupanga viti. Tatizo linaanza filimbi ikishapulizwa. Ukuta mmoja una televisheni, dekoda, feni na sabufa, na nyaya zote ni nyeusi. Kumbuka uko kwenye mji ambao timu yake, Mtibwa Sugar, ilichukua ubingwa wa Bara mara mbili mfululizo, 1999 na 2000. Watu hawa wanaujua mpira. Ukichomoa dekoda wakati wa penalti, mwongozo huu hauna msaada, na mwandishi hakujui.

*Ofisi ya serikali.* Hapa una hoja nzito: umeme ni wa umma, na umma ndio wewe. Ingia na karatasi yoyote mkononi, uliza kama mtendaji yupo, ukiambiwa ametoka kikazi sema utamsubiri. Utakuta matundu yote yameshajaa simu za watumishi. Usikasirike. Nao ni umma, ila umma uliowahi.

*Msibani.* Hili ni la wataalamu wa ngazi ya juu. Nyumba yenye msiba haimfukuzi mtu, ekstensheni imeshavutwa mpaka nje kwa ajili ya taa na spika, na hakuna mwenye moyo wa kuhesabu chaja wakati watu wanalia. Masharti ni machache. Lia kwanza, chaji baadaye. Toa rambirambi, hata kama ni buku, ili jina lako liingie kwenye daftari. Ukiulizwa unamfahamu vipi marehemu, sema alikuwa mzee wetu sote. Hakikisha tu kwanza kwamba marehemu si bibi.

Hatua ya pili: Salamu kabla ya plagi

Mgeni kutoka Dar es Salaam utamjua kwa namna anavyoomba. Anasimama mlangoni, ananyoosha chaja mbele, anasema: "Samahani, naweza kuchaji?" Anajibiwa kwamba umeme leo ni mdogo. Taa inawaka, feni inazunguka, friji inanguruma, lakini umeme ni mdogo. Ameomba vibaya.

Mwenyeji haombi. Anasalimia. Anaulizia nyumbani, anaulizia watoto, anaulizia mpunga umefikia wapi na kama malori ya miwa bado yanasumbua barabarani. Anasikitikia mvua, iwe imezidi au imekosekana. Neno umeme halijatajwa, ila mwenye nyumba ameshaelewa tangu alipouona waya ukichungulia mfukoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo mama. Habari za hapa?"

"Njema. Hiyo soketi ya mlangoni imekufa, chomeka ya huku."

Ukishapewa, taja muda. Muda rasmi wa chaji ya bure katika Wilaya ya Mvomero ni "dakika mbili tatu". Dakika mbili tatu huanza saa nne asubuhi na kwisha adhuhuri. Mwenye nyumba analijua hilo, nawe unajua kwamba analijua, lakini muda lazima utajwe. Asiyeutaja anaonekana hana adabu.

Hatua ya tatu: Litawale tundu

Ukipewa shibiri, chukua pima. Najua wahenga walisema kinyume chake, lakini wahenga hawakuwa na simu ya laini mbili.

Njia ya chini kabisa ni kuacha chaja tupu ukutani. Simu umeondoka nayo, uko kijiweni unapiga stori, ila chaja imebaki inalinda nafasi. Anayekuja anaiona, anadhani mwenyewe yuko karibu, anasimama kwa heshima kuingoja. Kwa njia hii chaja ya shilingi elfu tatu inaweza kuzuia watu wazima saba.

Njia ya kati ni kuja na ukoo. Unaomba kuchaji simu yako, moja tu, na ikishakubaliwa inatoka nyingine ambayo ni ya shangazi, kisha ya mdogo wako aliyeko shule, kisha kitochi ambacho mwenyewe hajulikani lakini kiko kwenye mfuko wenu tangu Pasaka. Mwenye nyumba anaweza kukukatalia wewe. Kumkatalia shangazi yako, ambaye hata hayupo kujitetea, kunahitaji moyo mgumu.

Njia ya juu ni ekstensheni. Ukija na ekstensheni ya matundu manne kwenye nyumba yenye tundu moja, cheo chako kinabadilika papo hapo. Hukuja kuomba tena, umekuja kufadhili. Sasa watu wanakuomba wewe. Unagawa kwa uso wa huruma umeme ambao hukununua, kwenye ukuta ambao si wako, na wanakushukuru. Akitokea mwenzako naye ana ekstensheni, mchomeke juu ya yako, na wa tatu juu ya yake. Soketi ya ukutani imetengenezwa kubeba amperi 13, lakini haijawahi kusema kitu. Ikianza kunuka, badilisheni mazungumzo.

Hatua ya nne: Sanaa ya kuchomoa

Hapa ndipo urafiki wa miaka hupimwa. Kuna simu sita, matundu mawili, na yako ni ya saba. Usichomoe tu. Kuchomoa kuna madhehebu.

Kuna anayechomoa kwa hukumu. Anainua kila simu, anaibonyeza, anasoma asilimia kwa sauti ili wote wasikie. "Hii sitini na mbili. Hii arobaini. Hii tisini na moja! Tisini na moja jamani, huyu anataka nini tena?" Baraza likishaguna, simu imechomolewa kihalali.

Kuna anayechomoa kwa bahati mbaya. Anapita kuchukua maji, mguu unagusa waya, anasema "lo!", anarudisha chaja ukutani. Ukitazama vizuri, chaja iliyorudi si ile iliyotoka.

Kuna yule hatari kuliko wote, asiyechomoa kabisa. Anazima swichi ya tundu lako, anahamisha chaja yake kwenye tundu la pili, anaondoka. Simu yako imelala palepale, waya uko palepale, kila kitu kwa macho kiko sawa. Unarudi baada ya saa mbili unaikuta na asilimia tatu. Ulikuwa umeiacha na tano.

Kuna pia mtani. Huyu hana haja ya ujanja. Anachomoa mbele ya macho yako, anakuambia babu yako alikuwa hana simu na alikufa mzee, na sheria ya utani inakutaka ucheke. Mtu mwenye watani wengi Turiani hajawahi kufikisha asilimia hamsini.

Ukihojiwa kwa nini umechomoa ya mwenzako, taja mgonjwa. Haki ya kwanza ni ya mwenye mgonjwa. Ya pili ni ya wakala wa pesa, maana simu yake ni kazi. Ya tatu ni ya bodaboda anayesubiri kupigiwa na abiria. Ya mwisho ni ya anayetazama video. Utaratibu ni mzuri na kila mtu anaukubali, ndiyo maana kila mtu ana mgonjwa. Ukisimama kwenye foleni ya chaji jioni, utadhani nusu ya wilaya imelazwa.

Hatua ya tano: Ng'ang'ania mia

Usikubali kamwe kuondoka na themanini. Watu wa betri watakuambia kwamba betri ya lithiamu hupokea umeme kwa kasi ikiwa tupu, na ikikaribia kujaa hupunguzwa kasi ili isiharibike, kwa hiyo asilimia 20 za mwisho huchukua muda mrefu mno kwa kinachopatikana. Watakuambia ndiyo sababu kwenye chaja za kasi za magari mwenye adabu huondoka akifika 80, ampishe aliye na 10. Watakuambia pia kwamba betri yenyewe huishi zaidi isiposhindiliwa mpaka juu kila siku.

Yote ni kweli, na yote hayakuhusu. Wewe hukuja kuchaji betri, umekuja kuiona ile namba. Ikifika tisini na tisa, kaa chini. Hapo simu inaweza kusimama dakika kumi bila kusogea, na watu watano wamekuzunguka wanakuangalia. Waambie mbona imebaki moja tu.

Hatua ya sita: Jiandae kwa siku umeme unaporudi

Umeme ukikatika watu huwa wapole. Wanakaribishana viti, wanaulizana habari, wanakumbuka mgao wa mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024 na kukubaliana kwamba ule ulikuwa mbaya zaidi. Ukirudi, watoto wa mtaa mzima wanapiga kelele, na upole unaishia hapo. Anayechelewa sekunde kumi atachaji kesho.

Inashangaza kwamba haya yanatokea kwenye mkoa huu. Morogoro ndiyo inayoiwashia nchi taa. Kidatu ina megawati 204, Kihansi 180, na mpakani na Pwani, kwenye Mto Rufiji, kuna Bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115, ambalo mtambo wake wa kwanza uliwashwa Februari 2024. Hapahapa jirani, kiwanda cha sukari cha Mtibwa kinachoma makapi ya miwa na kujipatia umeme wake chenyewe. Kati ya mabwawa hayo na makapi hayo umesimama wewe, chaja mkononi, unatafuta tundu.

Na kama bado unaamini kwamba umeme wa bure upo, msikie chura wa Kihansi. Ni chura mdogo wa manjano, hafiki sentimita tatu, aliyeishi kwenye manyunyu ya maporomoko ya Kihansi na hapakuwa na mwingine wa aina yake popote duniani. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo, manyunyu yakakauka. Mwaka 2000 vyura wapatao 500 walipandishwa ndege hadi Bronx, New York. Mwaka 2009 wakatangazwa kuwa wametoweka porini, na mwaka 2012 wakaanza kurudishwa nyumbani, bondeni ambako sasa maji hunyunyizwa kwa mabomba. Huyo ndiye aliyelipia asilimia zako. Alihama kwao, akapanda ndege, ukoo wake ukalelewa Marekani ndani ya kioo. Wewe umeombwa tu usogee kidogo kwenye benchi.

Hatua ya saba: Ukibanwa, piga hesabu

Siku mwenye nyumba atakapokukunjia uso, usiombe radhi. Mpigie hesabu. Simu janja ya kawaida ina betri ya miliamperi-saa 5,000, sawa na wati-saa 19 hivi. Ukijumlisha na unaopotea kwa joto, uniti moja ya umeme inajaza simu kama 40. Vitochi ndiyo kabisa, karibu 200. Mtumiaji mdogo wa nyumbani hununua uniti kwa shilingi 100 kabla ya kodi na makato. Hata kama mwenyeji wako amevuka uniti 75 kwa mwezi na bei imempandia zaidi ya mara tatu, simu yako inamgharimu kama shilingi 10. Kumi! Mtoe wasiwasi. Mwambie utampa ishirini na abaki na chenji.

Hesabu hiyo ni sahihi, na ndiyo itakayovunja undugu. Mwenye nyumba hajawahi kulalamikia shilingi kumi. Anachotoa ni tundu, na matundu anayo mawili, moja la friji. Anatoa kiti ulichokalia. Anatoa mlango ambao hawezi kuufunga akaenda sokoni, kwa kuwa simu saba za watu ziko ndani. Anatoa macho ya kuzilinda, maana moja ikipotea hakuna atakayekumbuka kwamba chaji ilikuwa ya bure. Hivyo vyote haviuzwi kwa tokeni za LUKU, kwa hiyo mgeni havioni.

Wenye vibanda vya kuchajisha kwa pesa walilijua hili zamani. Anayekutoza 300 au 500 kwa umeme wa shilingi 10 hajakuibia. Amekuuzia zamu, amekuuzia kile kikaratasi chenye jina lako kilichobandikwa mgongoni mwa simu, na amekuuzia uhakika kwamba ukirudi utaikuta. Tesla nayo ilifika hapohapo kwa njia ya Kimarekani. Desemba 2016 ilianza kumtoza dereva senti 40 za dola kwa kila dakika ambayo gari lililokwisha jaa linaendelea kukalia chaja. Gari hilo halinyonyi tena chochote. Anatozwa kwa kukalia. Kampuni yenye wahandisi wote wale ilitafakari, ikagundua kwamba umeme haugombewi. Kinachogombewa ni nafasi.

Sisi hatuna programu ya kuhesabu dakika za kukalia, kwa hiyo tunatumia adabu. Ndiyo bei yenyewe. Unailipa kwa kuondoka ukiwa na themanini, kwa kuulizia kabla ya kuchomoa, kwa kumfagilia mama uwanja wakati unasubiri, kwa kuja siku nyingine bila chaja, kusalimia tu. Mtu akikwepa kuilipa bei hiyo, siku moja anakuta kibao mlangoni: CHAJI 500. Ni kodi ya wenye adabu kwa makosa ya mmoja asiyekuwa nayo.

Mahali ambapo mwongozo huu haufanyi kazi

Zahanati na wodini. Ndugu wa mgonjwa ana haki ya kuwa na simu hewani kuliko watu wote, na hakuna muuguzi atakayemnyima tundu la ziada kama lipo. Ila friji ya chanjo lazima ibaki kati ya nyuzi 2 na 8, usiku na mchana, na mashine ya oksijeni haina muda wa kusubiri asilimia zako. Usiguse waya ambao hujui unakwenda wapi. Uliza muuguzi. Hapa hakuna kejeli.

Magari yakija

Kwa sasa, chombo cha umeme ambacho wengi wa mkoa huu wamekipanda ni treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni 2024. Bahati mbaya haitufundishi kitu kuhusu foleni. Treni haisimami kungoja zamu ya umeme. Inauchukua kwenye waya wa juu, njia nzima, huku inakimbia.

Gari ni jambo jingine. Leaf ya mwanzo ilikuwa na betri ya uniti 24. Kwa kipimo chetu, gari moja ni simu janja elfu moja. Likichomekwa kwenye soketi ya kawaida linalala hapo usiku kucha, na dereva wake naye atataka kusema "dakika mbili tatu". Mangi asiulizwe. Kwa upande wa bodaboda kuna akili imepatikana: Kigali, tangu 2019, kampuni ya Ampersand imekuwa ikiwabadilishia madereva betri. Unafika na iliyokwisha, unaondoka na iliyojaa, unalipa, umeshaiacha nafasi kabla mwenzako hajashuka. Hakuna kukalia, hakuna kuchomoana, hakuna mgonjwa. Wanakijiwe wetu wataiona ni huduma nzuri lakini baridi mno.

Siku chaja ya bure ya magari itakapofika Turiani, basi, tunashauri yafuatayo yaandikwe ukutani kabla haijawashwa. Anayejaza aondoke. Anayechomoa aulize. Anayekuja na ekstensheni arudi nayo. Anayetaja mgonjwa ataje na wodi.

Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

*Nimeazima chaja ya mtu nikaisahau kwenye ukuta wa mtu wa tatu. Nifanyeje?*
Hiyo sasa ni mali ya ukuta. Kamwombe radhi mwenye chaja, na usimtaje mwenye ukuta.

*Simu yangu na ya jirani zinafanana, nimeondoka na yake.*
Irudishe ikiwa imejaa. Ukirudisha na asilimia kumi na tano, utaitwa mwizi mara mbili.

*Kuna ubaya nikilala hapohapo nikisubiri?*
Hakuna. Ila ukiamka usiulize chaja yako iko wapi. Uliza kwanza simu iko wapi.

*Niache shukrani ya kiasi gani?*
Kiasi ambacho ungelipa kibandani, ukimpa kwa namna ambayo anaweza kukataa bila kuaibika. Akikataa, mnunulie tokeni hata za elfu moja. Hizo hakuna mama aliyewahi kuzikataa.

*Na kama mwenye nyumba mwenyewe simu yake imezima, na matundu yote yamejaa?*
Apange foleni kama wengine. Si ni bure?